Simu Isikabidhi Lindo Peke Yake

Na Mwandishi Wetu

MTU aweza kusimama mlangoni pa nyumba yake mjini Busia, upande wa Uganda, na simu iliyo mfukoni mwake ikatetemeka na kumletea ujumbe wa kumkaribisha Kenya. Hajavuka mpaka. Hajamwonyesha ofisa yeyote wa uhamiaji kitambulisho chake. Lililotokea ni kwamba mnara wa mtandao wake umefifia, ule wa ng'ambo ukasikika vizuri, na simu, kwa kuwa haina uraia, imehamia huko.

Wenyeji wa mji huo wamelizoea jambo hilo hata wanalifanyia mzaha, na wengi wao hutembea na laini mbili, moja ya kila nchi. Lakini mzaha huo sasa una upande wake wa hatari. Zipo kamera za kulinda nyumba ambazo hazingoji kuwashwa na mwenye nyumba. Kamera hizo huifuata simu yake: simu ikiondoka nyumbani zinaanza kulinda, simu ikirudi zinapumzika. Kwa askari au polisi ambaye kazi humtoa nyumbani usiku, na mara nyingine humweka mbali na jamaa zake kwa miezi mingi, chombo cha namna hiyo chaonekana kana kwamba kilitengenezwa kwa ajili yake.

Hata hivyo, kila aliyevaa sare ajua kanuni moja ya lindo. Mlinzi haondoki penye zamu yake mpaka yule anayempokea amefika, ametambuliwa, na makabidhiano yameandikwa kitabuni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kamera inayofuata simu hupokea lindo pasipo kuijua kanuni hiyo, na kwamba anayeitumia katika maeneo ya Busia, Malaba na Tororo hana budi kuifundisha.

KAMERA INAVYOPOKEA ZAMU

Kamera za namna hii zina hali mbili. Katika hali ya kwanza kamera imepumzika: watoto wacheza uani, jirani abisha hodi, nayo haimsumbui mtu. Katika hali ya pili iko macho: kitu kikisogea mbele yake hurekodi picha, humpelekea mwenye nyumba taarifa kwa simu, na nyingine hupiga king'ora. Kuitoa katika hali ya kwanza na kuitia katika ya pili ndiko kupokea zamu.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa kubonyeza tarakimu za siri kwenye kisanduku kilichopachikwa ukutani karibu na mlango. Ubaya wake wajulikana: watu husahau. Mtu aliyechelewa kazini hufunga mlango na kukimbia, na mitambo yake yote ya ulinzi hubaki imelala mchana kutwa. Ndipo watengenezaji, miongoni mwao kampuni ya Arlo na ile ya Google kwa kamera zake za Nest, walipoipa simu kazi hiyo.

Mwenye nyumba huonyesha kwenye ramani ya simu mahali nyumba ilipo, kisha programu huchora duara kuizunguka. Duara hilo ni mpaka wa kufikirika, usio na nguzo wala ofisa wa forodha. Simu ikitoka nje ya duara, programu hupeleka habari kwa njia ya intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyotengeneza kamera, nazo kompyuta huiamuru kamera iamke. Simu ikiingia tena ndani ya duara, amri ya pili hutumwa ya kuipumzisha.

Msomaji aangalie jinsi amri hiyo inavyozunguka. Kamera iko juu ya mlango, hatua chache tu kutoka mahali mwenyewe alipofunga kufuli. Lakini amri hutoka mfukoni mwake, huenda mnarani, husafiri hadi kwenye kompyuta ambazo mara nyingi ziko nchi ya mbali, hurudi nyumbani kwa njia ya kile kisanduku cha kusambaza intaneti, ndipo iifikie kamera. Mambo yakiwa sawa, safari yote hiyo huchukua muda mfupi sana. Kiungo kimoja kikikatika, lindo halina mtu.

SIMU HUJUAJE MAHALI ILIPO?

Simu hutumia njia tatu kujua mahali ilipo, nazo hazilingani kwa usahihi.

Njia ya kwanza ni setilaiti. Mtandao wa Marekani uitwao GPS ulianza kwa setilaiti iliyorushwa mwaka wa 1978, na ulitangazwa kuwa umekamilika mwaka wa 1995. Ulibuniwa kwa kazi za kijeshi, na mpaka Mei 2000 serikali ya Marekani iliupunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi yaliyoachiwa raia. Setilaiti hizo huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Simu hupima muda ambao mawimbi yamesafiri kutoka setilaiti nne au zaidi, na kwa hesabu hiyo hujua ilipo. Uwanjani, chini ya anga iliyo wazi, simu hukosea kwa mita tano hivi tu. Lakini mawimbi hayo yakifika ardhini ni dhaifu mno. Paa la mabati huyafifisha, na penye ukuta mkubwa wa jiwe, kama chini ya Mwamba wa Tororo, sehemu ya anga huzibwa na setilaiti zinazoonekana hupungua.

Njia ya pili ni waifai, yaani visambaza intaneti vya nyumbani na madukani. Simu huvisikia vile vilivyo jirani, kisha hulinganisha majina yake na orodha iliyokwisha kukusanywa. Katika mtaa wenye vingi, kosa huwa baina ya mita 20 na 50.

Njia ya tatu ni minara ya simu. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu mnara mmoja hutawala eneo kubwa. Katika mfumo wa GSM mawimbi ya mnara yaweza kutumika mpaka umbali wa kilomita 35. Google yenyewe huwaonya watengenezaji wa programu kwamba vijijini, mahali pasipo waifai, kosa laweza kuwa mamia ya mita na hata kilomita kadhaa.

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini basi simu isizitazame setilaiti wakati wote? Jawabu ni betri. Simu ambayo ingefanya hivyo isingemaliza siku. Kwa hiyo hulala, na huamka mara chache kutazama ilipo. Maelezo ya Google yasema kwamba simu ambayo programu yake haijafunguliwa huchukua kwa wastani dakika mbili au tatu kutambua kuwa imevuka duara. Ikiwa ilikuwa imetulia mahali pamoja kwa muda mrefu, yaweza kuchukua hata dakika sita. Kwa sababu hizo zote kampuni hiyo yashauri duara lisiwe na nusu kipenyo kilicho chini ya mita 100 hadi 150.

Dakika sita si kitu kwa mtu anayekwenda sokoni. Kwa mwizi aliyejificha kichakani akingoja pikipiki ya mwenye nyumba ipotee, dakika sita zatosha.

MAMBO YANAYOHARIBIKA MPAKANI

Kwanza ni vema kuondoa dhana moja iliyo potofu. Setilaiti hazijui mpaka wa nchi, wala hazichanganyikiwi mtu akivuka kutoka Uganda kuingia Kenya. Mpaka huleta matatizo ya namna nyingine.

Tatizo la kwanza ni ukubwa wa duara. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Tangu Februari 2018, Rais Museveni na Rais Kenyatta walipokifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, na watu wa pande zote mbili wamezidi kuingiliana kwa biashara. Mwenye nyumba iliyo karibu na mpaka aweza kwenda nchi nyingine, akanunua bidhaa, akanywa chai na kurudi, bila kutoka nje ya duara la mita 150. Kwa kamera, hajaondoka nyumbani. Amekuwa nchi ya kigeni saa nzima, na mlango wake hauna mlinzi.

Huko mashambani Tororo jambo hilo hugeuka kinyume. Nyumba imejitenga, jirani hana waifai, paa ni la mabati, na mnara uko mbali. Hapo mita 150 ni kidogo mno. Simu iliyolala mezani yaweza kuhesabiwa kuwa imetoka, ikarudi, ikatoka tena, na kila mara kamera ikaamka na kulala nayo. Usiku wa manane baba aamka kwenda chooni, king'ora chalia, watoto wapiga kelele. Baada ya siku tatu za namna hiyo mwenye nyumba huzima kila kitu, na chombo alichokinunua kwa fedha nyingi hubaki pambo la ukutani.

Tatizo la pili, ambalo ndilo kubwa zaidi, ni amri isiyosafiri. Nchi zetu zimefanya mengi kuyafanya mawasiliano yasiwe na mipaka. Septemba 2006 kampuni ya Celtel iliwawezesha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania kutumia laini zao katika nchi hizo tatu kama wako nyumbani, na hapo hapakuwa bado na mfano wake duniani. Mwaka wa 2014 serikali za Kenya, Rwanda na Uganda zilianza mpango wa kuzifanya nchi hizo eneo moja la mawasiliano. Lakini mpango huo ulihusu kwanza gharama za kupiga simu. Kamera haipigiwi simu, inahitaji data. Simu nyingi, kwa kuogopa gharama, huwa zimefungwa zisitumie data kwenye mtandao wa nchi nyingine mpaka mwenyewe aruhusu.

Tuchukue mfano wa polisi akaaye Busia ambaye simu yake imehamia kwenye mnara wa Kenya wakati anafunga mlango. Anapanda pikipiki na kwenda kazini. Simu yatambua kwa setilaiti kwamba imetoka nje ya duara. Yaandaa amri. Lakini mlango wa data umefungwa, na amri yabaki mfukoni. Huenda ikatoka baada ya kilomita kadhaa, simu itakapoupata tena mtandao wa Uganda; na iwapo zamu yake iko karibu na mpaka, huenda isitoke mpaka asubuhi. Muda wote huo yeye aamini kwamba nyumba ina mlinzi.

Tatizo la tatu ni la nyumbani kwenyewe. Umeme ukikatika, kisambaza intaneti huzimika, na amri ikifika haimkuti wa kuipokea. Kamera yenye betri yake itaendelea kuwa hai, lakini itabaki katika hali ile iliyokuwa nayo umeme ulipokatika. Kama ilikuwa imepumzika, itaendelea kupumzika.

SIMU SI MTU

Tuseme mitambo yote yafanya kazi barabara. Bado limebaki kosa la msingi, nalo ni kuidhania simu kuwa ndiyo mtu. Kwa raia wa kawaida dhana hiyo yaweza kupita, kwani aendapo huenda na simu yake. Maisha ya askari ni tofauti.

Askari aendaye operesheni huweza kuamriwa aiache simu. Akiiacha nyumbani, kamera yajua kwamba baba yupo, na itapumzika wiki nzima huku nyumba ikiwa tupu. Akiikabidhi kambini, na kambi yenyewe iko ndani ya duara, matokeo ni yale yale.

Wengine hupelekwa mbali zaidi. Wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakitumikia nchini Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika tangu Machi 2007. Ikiwa kamera ya nyumba iliyoko Tororo yaitambua simu moja tu, na simu hiyo iko Mogadishu, kamera itakuwa macho siku zote. Mama akitoka kuanika nguo, taarifa yafika Somalia. Watoto wakitoka shuleni, taarifa yafika Somalia. Mwanajeshi atapokea taarifa arobaini kwa siku, na kama binadamu yeyote, baada ya mwezi ataacha kuzitazama. Siku taarifa ya arobaini na moja itakapokuwa ya mwizi, haitasomwa.

Pia wako watu wa nyumbani ambao programu haiwahesabu. Bibi ana simu ndogo ya kubonyeza isiyo na intaneti. Watoto hawana simu kabisa. Mtumishi wa nyumbani hakuandikishwa katika programu. Baba na mama wakiondoka na simu zao, kamera hukata shauri kwamba nyumba haina mtu, na humhesabu bibi kuwa ndiye mvamizi.

Lakini jambo linalopasa kumshtua kila mlinzi ni hili. Mwizi amnyang'anyapo mtu mkoba njiani, mara nyingi hupata vitu vitatu kwa pamoja: funguo za nyumba, karatasi zinazoonyesha anakokaa, na simu. Akielekea kwenye nyumba ile na simu ikiwa bado inawaka, kamera itatambua kwamba mwenyewe anarudi, na amri ya kupumzika itamtangulia mwizi mlangoni. Hata kama kioo cha simu kimefungwa kwa tarakimu za siri, hali haibadiliki, kwa sababu duara haliulizi tarakimu. Laitazama simu tu. Hakuna kambi duniani ambako mlinzi humpisha mtu kwa sababu tu amebeba kofia ya ofisa.

MWENENDO WA ASKARI NI SIRI

Yako pia mafunzo kutoka nje. Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu inayowasaidia watu kupima mbio zao, ilichapisha ramani ya dunia inayoonyesha kwa mistari ya mwanga mahali wateja wake walipokimbia. Kampuni haikukusudia ubaya wowote. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, aliitazama ramani hiyo na kuona kwamba katika maeneo ya vita kama Syria na Afghanistan, ambako raia hawana desturi ya kutumia programu ile, mistari ilionyesha kambi za kijeshi na njia ambazo wanajeshi hukimbia kila asubuhi. Agosti mwaka huohuo Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwakataza watumishi wake kutumia vyombo na programu zinazoonyesha mahali walipo wanapokuwa katika maeneo ya operesheni.

Programu ya kamera ya nyumbani haichapishi ramani. Hata hivyo, ili ifanye kazi, huomba ruhusa ya kujua mahali simu ilipo wakati wote, hata isipofunguliwa. Aidha, kila kutoka na kila kurudi huweza kuandikwa. Rekodi hiyo ya mwezi mmoja, ikisomwa na mtu mwenye nia mbaya, ni orodha kamili ya zamu: siku gani askari hulala kazini, saa ngapi nyumba hubaki na wanawake na watoto peke yao, na wiki gani alisafiri. Adui hutumia watu na fedha nyingi kutafuta habari za namna hiyo. Haifai zipatikane kwa neno moja la siri lililo jepesi.

Kwa hiyo fundi anayefunga kamera asiruhusiwe kufungua akaunti kwa jina lake au kwa anwani yake. Akaunti iwe ya mwenye nyumba, neno la siri libadilishwe fundi anapoondoka, na programu itakiwe kuthibitisha kwa hatua ya pili kila inapofunguliwa kwenye simu mpya. Tena ni wajibu wa kila askari kufuata maagizo ya kikosi chake juu ya simu kabla ya kufuata maelezo ya muuza kamera.

KUIFUNDISHA KAMERA KANUNI YA LINDO

Hayo yote hayana maana kwamba chombo hiki ni kibaya. Mwenye kusahau kufunga mitambo kila siku analindwa vizuri zaidi na simu isiyosahau. Linalotakiwa ni kukipanga kwa akili ya mlinzi.

Kwanza, kamera za nje, zile zitazamazo lango na ukuta, zisifuate simu. Ziwe macho usiku na mchana, au zifuate saa: kwa mfano kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Simu iachiwe kamera za ndani tu, ambazo kwa heshima ya familia hazipaswi kurekodi watu wakiwa nyumbani.

Pili, kila mtu mzima mwenye simu ya intaneti aandikishwe, na kamera ipangwe iamke pale tu simu ya mwisho itakapoondoka. Penye bibi au mtumishi asiye na simu ya namna hiyo, kamera za ndani zisifuate simu kabisa. Ziamriwe kwa mkono. Askari anayekwenda ng'ambo au operesheni aiondoe simu yake katika hesabu kabla ya kusafiri, na amkabidhi mwenzake wa nyumbani, kama vile angefanya kwa lindo lolote.

Tatu, duara lipimwe kwa miguu. Mwenye nyumba atoke na simu mfukoni, amwache mtu nyumbani akiitazama kamera, atembee mpaka kamera iamke, na aandike ni hatua ngapi na dakika ngapi. Afanye hivyo mchana na usiku, akielekea mpakani na akielekea upande mwingine. Jaribio hilo la nusu saa litamfundisha mengi ambayo hayamo katika kijitabu cha maelezo.

Nne, yule akaaye karibu na mpaka aifunge simu yake kwenye mtandao wa nchi yake, isiruhusiwe kujichagulia mtandao, au aruhusu data ya nje akiijua gharama yake. Mwenye laini mbili aangalie ni laini ipi inayobeba data.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, makabidhiano yathibitishwe. Programu ipangwe itume ujumbe kila kamera inapoamka. Askari asiondoke mtaani kwake kabla hajauona ujumbe huo. Usipofika, aiamuru kamera kwa mkono. Vilevile kupumzika kwa kamera kusitokee kwa simu pekee. Simu ikikaribia, programu imwulize mwenyewe, naye ajibu kwa tarakimu au kwa alama ya kidole. Kwa njia hiyo mwizi mwenye simu ya wizi atasimama mlangoni mbele ya kamera iliyo macho. Kama kamera aliyouziwa haiwezi kuuliza, basi na iachwe ilale kwa amri ya mkono tu.

POLISI AFIKAPO PENYE TUKIO

Limebaki neno moja kwa polisi wapelelezi. Baada ya kuuawa kwa Andrew Felix Kaweesi, msemaji wa polisi ya Uganda, Machi 2017, Rais aliagiza kamera ziwekwe mijini na kwenye barabara kuu, na Novemba 2019 kituo cha taifa cha kamera hizo kilizinduliwa Naguru, Kampala. Kamera za serikali hazilali kwa kufuata simu ya mtu. Za nyumbani hulala. Kwa hiyo mpelelezi akiambiwa kwamba hakuna picha ya tukio, asikubali upesi kuwa kamera ilikuwa mbovu, wala asimshuku mwenye nyumba kuwa ameifuta. Aulize: saa ile kamera ilikuwa macho au imepumzika? Nani aliiamuru, mkono au simu? Simu ipi? Programu nyingi hutunza habari za mabadiliko hayo, na habari hizo zaweza kueleza mengi kuliko picha yenyewe.

Lakini azisome kwa uangalifu. Rekodi isemayo kwamba simu ya fulani ilirudi nyumbani saa nne usiku haithibitishi kwamba fulani alirudi. Yathibitisha kwamba simu ilihesabiwa kuwa ndani ya duara, labda kwa kosa la mita mia kadhaa, labda baada ya kuchelewa, na labda mikononi mwa mtu mwingine. Mtu asiye na hatia asitiwe ndani kwa sababu simu yake ilikuwa mahali, na mwenye hatia asiachiwe kwa sababu simu yake ilikuwa nyumbani. Mpelelezi ailinganishe pia saa ya kamera na saa sahihi, aandike tofauti, na achukue rekodi ya asili badala ya picha iliyopigwa kutoka kwenye kioo, kwani mahakama itauliza kumbukumbu hiyo imehifadhiwa vipi. Nchini Uganda Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka wa 2011 yakubali ushahidi wa namna hiyo, na huangalia kama waweza kuaminiwa.

Asisahau pia kwamba nyumba ya mtu yalindwa na sheria ya juu kabisa. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Uganda ya 1995 na kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 vyahifadhi faragha ya mtu na maskani yake, na mwaka wa 2019 nchi zote mbili zilitunga sheria za kulinda habari za watu binafsi. Askari mwenye kamera inayochungulia uani kwa jirani asijidhanie yuko juu ya sheria hizo kwa kuwa ana sare. Na kamera ikiwa ng'ambo ya pili ya mji wa Busia, hata kama yaonekana kwa macho, picha zake huombwa kwa utaratibu wa polisi wa nchi ile.

Mji ule utaendelea kuwa kama ulivyo. Minara ya pande mbili itaendelea kuvutana, na simu zitaendelea kuwakaribisha watu katika nchi ambazo hawajaingia. Askari anayetoka nyumbani jioni hii kwenda zamu hawezi kulizuia jambo hilo. Awezalo ni kusimama dakika mbili langoni, simu mkononi, mpaka aone kwamba aliyempokea lindo amefika kweli na yuko macho. Kisha aende kazini.